Pedali Tano za Kijana wa Matiri

Msimu ule kahawa ililipa vizuri. Chama cha msingi kilipotoa malipo, mama mmoja wa Matiri, wilayani Mbinga, alimwita kijana wake akamkabidhi fungu lake, jasho la kuchuma, kumenya na kuanika tangu mwezi wa Juni. Kijana alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kigango. Gitaa lake la umeme lilikuwa la mtumba, limechubuka shingoni, lakini lilishika sauti. Fungu lile alikuwa amelipangia kazi siku nyingi. Hakutaka pikipiki wala simu mpya. Alitaka pedali.

Kisa hiki ni cha kutunga. Makosa yaliyomo ni ya kweli, na hurudiwa kila baada ya mavuno na vijana wenye vipaji ambao hawana wa kuwashauri. Nakisimulia kwa sababu fedha ya kahawa haipatikani kirahisi, na kipaji cha kijana kina thamani kuliko fedha hiyo, na vyote viwili vinaweza kupotea dukani kwa alasiri moja.

Pedali, kwa msomaji asiyeifahamu, ni kisanduku kidogo cha chuma kinacholazwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Waya wa gitaa huingia upande wa kulia na kutokea kushoto. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu, na sauti inayopita ndani yake inageuka: distosheni inaikwaruza, dilei inairudia kwa mwangwi, koras inaifanya isikike kana kwamba gitaa ni mawili, waa-waa inaifumbua na kuifumba, fleinja inaizungusha kama mvumo wa ndege ipitayo. Kijana wetu alijifunza haya yote kwenye simu, usiku, akitazama wapigaji roki wa Ulaya na Marekani waliosimama mbele ya mbao zenye visanduku kumi na zaidi. Akaandika majina. Binamu yake akamnunulia Kariakoo, mzigo ukaja kwa basi hadi Songea, ukavuka Mbinga, ukamalizia safari juu ya bodaboda. Zilikuwa pedali tano: distosheni mbili, waa-waa, fleinja na dilei. Bei ya zote pamoja ilizidi ile ya gitaa. Tyuna, kifaa cha kulinganisha nyuzi, haikuwemo. Adapta ya kuziwashia haikuwemo.

Mwalimu wa kwaya alipoziona alimwuliza, "Mwanangu, hizi zote za nini?"

"Mwalimu, subiri siku ya kipaimara. Utasikia."

Umeme ndio uliokuwa mtego wa kwanza. Nyaya zimefika vijiji vingi vya Mbinga katika miaka ya karibuni, hasa baada ya Gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018 kwa njia kubwa ya kutoka Makambako. Lakini nyumba nyingi bado zinategemea sola, na nyumbani kwa kijana sola ndiyo iliyowasha taa na king'amuzi. Akatazama nyuma ya dilei: volti 9. Akatazama waya wa king'amuzi unaotoka moja kwa moja kwenye betri: volti 12. Akaona tofauti ya tatu si kitu. Plagi ikaingia bila taabu. Taa ya dilei haikuwaka. Akaichomoa, akairudisha, akaisubiri kidogo, na chumba kikaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni volti zenyewe: betri ya sola inayoitwa ya volti 12 ikijaa husoma 12.7 hivi, na jua likiwa kali wakati wa kuchaji hupanda hadi 14 na zaidi. La pili ndilo baya. Pedali nyingi za gitaa hutaka hasi iwe katikati ya plagi na chanya iwe nje. King'amuzi, ruta na vifaa vingi vya nyumbani ni kinyume: chanya katikati. Na plagi zao mara nyingi zina umbo lilelile, milimita 5.5 kwa 2.1, kwa hiyo tundu halikatai kitu. Karibu na tundu la pedali nyingi kumechorwa alama ndogo, nukta iliyozungukwa na upinde, yenye hasi na chanya pembeni. Hiyo ndiyo ya kusoma kwanza dukani, kabla ya rangi na jina. Pedali za zamani zilizotengenezwa kwa uangalifu zina diodi ya kinga inayojitoa mhanga umeme ukiingia kinyume, na fundi huweza kuibadilisha kwa bei ndogo. Nyingi za kidijitali hazisamehe.

Kijana aliogopa. Pedali zilizobaki akaamua kuziwasha kwa betri za mraba za volti 9, uamuzi ambao ungekuwa mzuri kama angejua mambo mawili. Betri ya alkalini ya aina hiyo ina takriban miliampea-saa 500. Distosheni kama DS-1 ya Boss hula miliampea 4 hivi, kwa hiyo betri moja itaihudumia kwa Jumapili nyingi. Dilei ya kidijitali ya ukubwa uleule hula 60 au zaidi, na betri hiyohiyo haivuki saa nane. Jambo la pili: katika pedali hizi swichi ya umeme imefichwa kwenye tundu la kuingilia waya wa gitaa. Ukichomeka waya, umeiwasha, hata kama taa imezimwa kwa mguu. Kijana alimaliza mazoezi ya Ijumaa akaacha kila kitu kimechomekwa hadi Jumapili, na akalaumu betri za dukani.

Ikaja siku ya kipaimara. Kanisa lilijaa hadi nje, wazazi wamevaa vizuri, watoto wamepanga mstari wakimngoja Baba Askofu. Kwaya ilikuwa na kinanda, mixa na spika mbili kubwa za kuazima. Kijana akachomeka gitaa kwenye distosheni, distosheni kwenye mixa, na wimbo wa maandamano ulipoanza akakanyaga.

Kilichotoka hakikufanana na alichokisikia kwenye simu. Kilikuwa chembamba, kikali, kimejaa miluzi na mchirizo, na chini yake kulikuwa na ngurumo isiyokoma ya nyaya za umeme. Tena gitaa lilikuwa limeshuka kidogo kutoka kwenye sauti ya kinanda, kwa maana lilikuwa limetyuniwa kwa sikio asubuhi, kwenye baridi, kabla kanisa halijapata joto la watu. Sauti ya tatu na ya nne zikaanza kutafuta pa kushika. Mwalimu akatazama upande wa mixa, na fundi mitambo akashusha kitufe cha gitaa hadi chini kabisa. Kijana alipiga misa nzima bila mtu kumsikia. Hakugundua hadi wakati wa sadaka.

Aibu hiyo ilimpeleka Mbinga mjini, kwa fundi redio mmoja aliyesomea ufundi Peramiho na ambaye ujanani aliwahi kushika mitambo ya bendi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Dilei. Haiwaki."

"Uliiwasha na nini?"

"Na waya wa king'amuzi. Wa sola."

Fundi akaifungua, akamwonyesha palipogeuka rangi ya kahawia. Hii, kijana wangu, ni ya spea tu sasa. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza, si binamu, si muuza duka, wala wale wa kwenye simu: kabla ya pedali, gitaa lako lilikuwa na tatizo gani?

Kijana akafikiri. Akasema lilikuwa likisikika zito. Liko mbali. Nyuzi nyembamba hazitokezi, waimbaji wakianza linafunikwa. Ndiyo maana alitaka kitu cha kulipa makali.

Nadhani hapa ndipo kiini cha kisa chote. Kijana alikuwa na lalamiko la kweli, na akalinunulia dawa ya ugonjwa mwingine. Pikapu ya gitaa, ile inayonasa mtetemo wa nyuzi, ni dhaifu. Inahitaji kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kiasi cha omu milioni moja, ndipo sauti zake za juu zipone. Tundu la kawaida la mixa lina omu elfu kumi hivi tu. Gitaa likichomekwa humo moja kwa moja linapoteza nguvu na mwanga, na waya ukiwa mrefu linapoteza zaidi. Kwa miaka yote aliyopiga kanisani, kijana hakuwahi kusikia gitaa lake mwenyewe. Kisanduku kimoja kinachoitwa DI, cha aina inayotumia umeme, kingelitatua jambo hilo bila kubadilisha sauti hata kidogo. Na baadhi ya mixa zina tundu la gitaa tayari, lenye kitufe kilichoandikwa Hi-Z, ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza.

Fundi akamweleza na habari ya mchirizo. Spika ya amplifaya ya gitaa ni kiumbe cha pekee: ina koni moja kubwa, na juu ya mitetemo elfu tano hivi kwa sekunde inafifia. Distosheni nyingi, tangu Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962 iliyofungua biashara hii, zimetengenezwa zikitegemea kufifia huko. Spika ya kanisani ina twita, spika ndogo ya sauti za juu, iliyowekwa makusudi ili herufi "s" na "sh" za msomaji wa somo zifike hadi mlangoni. Ukiipelekea distosheni, kila chembe ya mkwaruzo inatoka ilivyo. Na kwa kuwa distosheni hukuza kile kidogo kinachoingia, ngurumo ya umeme wa mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo kwenye gitaa safi usingeisikia, inakuzwa pamoja na nyuzi.

Lakini hata angekuwa na amplifaya nzuri, distosheni ingemwangusha kwa sababu ya muziki wenyewe, na hili nataka tulikalie kidogo.

Gitaa la Afrika Mashariki na la Kongo limejengwa juu ya noti mbili zinazotembea pamoja, mara nyingi kwa umbali wa do na mi, au umbali wa mi na do ya juu. Msikilize mpiga solo yeyote wa dansi: anapotaka utamu, anaungia noti ya pili. Distosheni ikikutana na noti mbili haizikwaruzi kila moja peke yake. Inazichanganya na kuzaa noti za ziada, jumla na tofauti ya mitetemo yake. Ichukue do yenye mitetemo 440 kwa sekunde. So yake ni 660. Tofauti ni 220, nayo ni do ya chini, kwa hiyo sikio linaridhika; ndiyo sababu wapigaji wa roki hupenda kupiga do na so peke yake. Sasa ichukue do hiyo na mi yake, ambayo kwenye gitaa ni takriban 554. Tofauti ni 114. Do ya chini iliyo jirani ni 110. Noti hiyo ya 114 haimo kwenye kinanda, haimo kwenye sol-fa ya kwaya, na inalia chini ya wimbo bila kualikwa. Mwalimu wa kwaya hakuhitaji hesabu hii. Alisikia tu kwamba kuna mtu asiyejulikana anaimba besi.

Tena bendi zetu kubwa ziligawa kazi kwa magitaa: solo, solo la pili, rithim, besi. NUTA Jazz ilikuwa hivyo, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 iliufikisha mpango huo mahali pa juu, ikiwa na watu kama Michael Enoch aliyekuwa amekomaa zamani katika Dar es Salaam Jazz. Kila gitaa liliacha nafasi, na jingine likaingia humo. Mkwaruzo unajaza nafasi zote. Ukiuwasha katikati ya magitaa matatu yanayojibizana, mazungumzo yanakoma.

Kuna jambo jingine kuhusu bendi hizo ambalo vijana wa leo hawana. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, Mlimani Park ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Kijana mgeni alikuta amplifaya ipo, aliwakuta wakubwa wapo, akawekwa kwenye rithim hadi wakubwa waridhike. Hakuwa na nafasi ya kukosea kwa fedha ya mama yake. Sote tunalilia nyimbo za enzi ile, zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa vifaa vichache. Mimi huulilia pia utaratibu wa kumkalisha mgeni chini ya mjuzi.

Sisemi kwamba pedali ni kitu cha kigeni kisichotufaa. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz walikwenda Japani mwaka 1970 kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Miaka miwili baadaye, katika jiji hilohilo, ikaanzishwa kampuni ya Roland, ambayo mwaka 1976 chini ya jina la Boss ilitoa CE-1, pedali ya kwanza ya koras. Magitaa ya soukous iliyorekodiwa Paris miaka ya 1980 yanang'aa kwa koras, na hakuna mtu wa Songea au Mbamba Bay aliyeyacheza kwenye sherehe akalalamika kwamba hayo si yetu. Wala mkwaruzo wenyewe si mgeni. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Malawi, wachezaji wa ngoma ya malipenga huimbia kwenye vibuyu vilivyofungwa utando mwembamba wa buibui ili sauti ivume, na Wagogo huweka utando kama huo kwenye matundu ya ala yao ya limba. Hukwe Zawose, mmoja wao, aliupeleka mvumo huo duniani kote. Wazee hao walijua mahali pa kuuweka.

Basi anayeanza anunue nini? Fundi alimshauri kijana, nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, aanze na tyuna ya sakafuni. Vijana huidharau kwa sababu haitoi sauti yoyote mpya. Lakini tyuna kama TU-3 ya Boss hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Inamwonyesha mpigaji noti katikati ya kelele za watu, jambo ambalo sikio la binadamu haliwezi kanisani siku ya sikukuu. Ikikanyagwa inanyamazisha gitaa, kwa hiyo padre anayehubiri hasumbuliwi na nyuzi zinazojaribiwa. Na ndani yake kuna sakiti iitwayo bafa, inayoipokea pikapu kwa ukinzani mkubwa inaoutaka na kuipeleka mbele kwa nguvu, hivyo hata waya wa kufika kwenye mixa ukiwa mrefu, mwanga wa nyuzi haupotei. Yaani lile lalamiko la kwanza la kijana lingetibiwa zaidi ya nusu na kisanduku alichokiona cha watoto.

Kwa asiye na fundi wa karibu wala amplifaya, mimi ningependekeza njia nyingine: multi-efekti ndogo moja badala ya pedali nyingi. Zoom G1 Four, kwa mfano, ina tyuna, koras, dilei na mwigo wa spika ya gitaa, na inawaka kwa betri nne za AA, kwa hiyo inaweza kukaa kanisani bila kumwomba mtu tundu la umeme. Ule mwigo wa spika ndio muhimu. Huo hukata mchirizo kabla haujafika kwenye twita. Wajuzi watasema sauti yake haifikii pedali za kusimama peke yake. Ni kweli, na kwa kijana wa kigangoni si hoja ya leo. Akiishi nayo mwaka mmoja atajua mguu wake unaenda wapi mara kwa mara, na hiyo ndiyo itakuwa pedali yake ya kwanza ya kununua.

Koras na dilei zije baadaye, na dilei ije na hesabu. Gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, upate milisekunde za pigo moja: wimbo wa mapigo 100 unataka dilei ya 600, au nusu yake. Nje ya hapo mwangwi unapigana na ngoma. Na kanisa la matofali lenye paa refu lina mwangwi wake tayari; humo dilei mara nyingi ni ya kuzima.

Nimeacha mwishoni jambo ambalo lingepaswa kumtisha kijana kuliko pedali iliyoungua. Wiki ya mazoezi, alipoinama kuimba huku ameshika nyuzi, maiki ilimchoma mdomoni. Alicheka, wenzake wakacheka. Si jambo la kucheka. Mei 3, 1972, huko Swansea, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki mbele ya hadhira akiwa na gitaa mkononi, akafa kwa umeme. Miaka minne baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa umeme wa gitaa. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ardhi ya kifaa kimoja, maiki na ardhi ya kifaa kingine. Kama jengo halina eathi, au mtu amekata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni mbovu, volti 230 zinaweza kukutafuta zikipitia mkononi na kutokea mdomoni. Mchomo mdogo wa mdomoni ni taarifa. Anayeupata azime kila kitu, avichomeke vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye eathi, na amwite fundi umeme kabla ya wimbo mwingine. Pedali haiwezi kumkinga. Umeme huo unapita nje yake, kwenye chuma cha waya.

Kijana aliuza waa-waa, fleinja na distosheni moja kwa vijana wa bendi moja Songea, kwa chini ya nusu ya bei aliyonunulia. Distosheni ya pili ilikosa mnunuzi. Fedha iliyopatikana ilitosha tyuna na kisanduku cha DI cha mkono wa pili. Mama yake alimwuliza kuhusu hizo nyingine, akamweleza ukweli, na wakakubaliana kwamba msimu ujao fungu lake litaanzia kwenye karo ya mdogo wake.

Kwaresima ikaingia. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, katika namba 313, unaruhusu vyombo wakati huo kwa ajili ya kuusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Hakuna solo, hakuna kuingia kwa mbwembwe. Kijana akapiga rithim tupu kwa majuma yote yale, gitaa likiwa safi, limetyuniwa, limepita kwenye DI, na kwa mara ya kwanza waimbaji wa sauti ya pili wakaanza kumgeukia kutafuta noti yao ya kuanzia. Kamati ya kigango nayo, baada ya kusikia habari za maiki, ilichangisha fedha za fimbo ya shaba ya eathi, fundi umeme akaizika ardhini nyuma ya sakristia na kuiunga na tundu la umeme la mixa.

Suala la koras bado halijaisha. Kijana anaitaka kwa ajili ya Pasaka, mwalimu anasema wakati haujafika. Wamefikia mapatano haya: kwaya itaichangia nusu siku ambayo yeye na yule mdogo anayejifunza solo la pili wataweza kupiga nyimbo sita za Pasaka mwanzo hadi mwisho, magitaa mawili, bila kukanyagana. Hadi sasa wana nyimbo nne.